Aliyewaambia Wakaguzi

Wakaguzi walikuja kwenye kiwanda cha kujaza gesi Jumanne saa tatu asubuhi, bila barua wala simu. Walichukua mitungi kumi na miwili ya gesi kwenye safu iliyokuwa tayari kupakiwa, wakaifunga lakiri, wakafunga na chumba cha kupimia, wakaondoka. Hata kiti hawakukalia. Haikufika saa nne, Mkurugenzi alikuwa amesimama katikati ya ofisi yake akiuliza swali moja tu: nani alisema?

Hakuuliza kama lililosemwa lilikuwa kweli. Hilo alilijua.

Swali alimuuliza Afisa Utumishi wake, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye kazi yake kiwandani ilikuwa kuajiri watu, kupanga likizo zao, kutunza mafaili yao na, ikibidi, kuwaandikia barua za kwaheri. Aliulizwa mtu sahihi kabisa, maana aliyesema alikuwa yeye mwenyewe. Siku kumi na moja kabla alikuwa amekwenda kwa miguu yake kwenye ofisi za Mamlaka inayosimamia gesi, akapanda ghorofa ya pili, akamweleza mama mmoja mwenye miwani yote anayoyajua. Yule mama aliandika kurasa mbili, akamsomea, kisha akamwambia jina lake litabaki kwenye faili lile tu. Hakuna atakayelitaja, na yeye mwenyewe halazimiki kulitaja kwa mtu yeyote.

"Hata kwa mwajiri?" aliuliza.

"Hasa kwa mwajiri," yule mama akajibu.

Lakini mwajiri mwenyewe alikuwa mjomba wake. Ndiye kaka mkubwa wa mama yake, ndiye aliyemsomesha tangu baba yake alipofariki, na ndiye aliyempa kazi. Na mjomba huyo alikuwa na kanuni mbili ambazo alijivunia mbele ya wageni. Ya kwanza, kiwandani hakuna undugu: pale yeye ni Mkurugenzi, na mpwa wake ni Afisa. Ya pili, mezani kwake Jumapili, ukoo wote unapokutana kula mchana, hakuna kazi. Ukisikiliza haraka utasema ni kanuni za mtu mwenye busara. Ngoja uone zilivyofanya kazi.

Mtungi wa gesi ukimaliza miaka yake kumi hautakiwi kujazwa tena mpaka upimwe. Hujazwa maji pomoni, ukafungwa, kisha pampu inasukuma maji zaidi kwa nguvu, na mpimaji anatazama geji. Mtungi mzima unavumilia. Mbovu unavimba au unatoa jasho kwenye maungio, na bora utoe jasho pale kiwandani kuliko chini ya jiko la mtu. Uliofaulu hugongwa namba za mwezi na mwaka shingoni, kwa vyuma vya namba na nyundo. Aliyegonga namba hizo kwa miaka kumi na minane alikuwa mzee mmoja mkimya ambaye kiwanda kizima kilimwita Nyundo, hata kwenye orodha ya zamu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu ile pampu ilikufa. Kipuri kikaagizwa, kikachelewa, na mitungi iliyomaliza miaka yake ikaanza kujaa uani. Ndipo Mkurugenzi akatoa amri ya mdomo: gongeni namba, pampu ikija tutapima inayofuata. Nyundo akagonga siku mbili. Siku ya tatu akavua kofia, akaenda ofisini, akasema, "Mkurugenzi, naandika uongo kwenye chuma. Karatasi mtu atachana. Chuma hakichaniki." Mkurugenzi akamwambia amesikia, arudi kazini.

Afisa naye alisema. Ofisini Mkurugenzi alimtazama juu ya miwani akamwambia, "Haya ni mambo mazito, tutaongea nyumbani kwa utulivu." Jumapili akalianzisha mezani, mjomba akainua mkono: "Mpwa wangu, hapa tunakula." Jumatatu akarudi ofisini, akaambiwa wangelimaliza jana. Alipigwa danadana hivyo majuma matatu, kati ya meza mbili za mtu mmoja. Mwishowe akaandika barua fupi yenye tarehe, akaipeleka kwa mkono. Ikarudi na maneno mawili pembeni, kwa wino wa buluu. Mwezi ukapita, mitungi ikaendelea kugongwa namba na kupakiwa kwenda madukani, na yeye akapanda ngazi za Mamlaka.

Ndiyo hali ilivyokuwa Jumanne ile.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mkurugenzi akizunguka meza. "Ni Nyundo. Nani mwingine? Alinijia hapahapa na kofia mkononi. Mwandikie barua ya kumwachisha kazi."

Afisa akajikaza kisabuni.

"Mkurugenzi, kuna sheria."

"Sheria gani?"

"Ya kumlinda mfanyakazi anayefichua maovu kazini. Ulinipeleka semina mwaka jana, siku mbili."

"Nilikupeleka kwa sababu ilikuwa lazima. Sikukutuma uyashike."

"Niliyashika. Mfanyakazi akisema jambo la hatari, kwa mwajiri wake au kwa Mamlaka, huwezi kumfukuza kwa sababu hiyo. Huwezi kumshusha cheo, kumtisha, wala kumhamisha kumkomoa."

"Hata kumpeleka getini akakae na mlinzi?"

"Hata getini."

"Hata kumnunia?"

Afisa alifikiri. "Kununa hawakutaja."

"Afadhali wameniachia hilo." Mkurugenzi akakaa. "Na akiwa amesema uongo?"

"Kama alikuwa na sababu ya maana ya kuamini, analindwa hata akiwa amekosea. Na hapa hakuna aliyekosea, Mkurugenzi. Pampu imekufa, wewe unajua, mimi najua."

"Basi tusimfukuze kwa kusema. Tumfukuze kwa kuchelewa."

"Nyundo hachelewi. Mlinzi mwenyewe anaamshwa na yeye."

"Tafuta kingine! Kila mtu ana kitu. Wewe si ndiye mwenye mafaili?"

"Nikikitafuta leo kitaonekana kimetafutwa leo. Ukimwondoa mtu juma la ukaguzi, sheria inachukulia umelipiza kisasi mpaka uthibitishe vingine. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, si wake. Na hata huku kuuliza nani alisema, kukusanya watu na kuwabana, nako ni kosa."

Kila alilolisema lilikuwa sahihi, na kila alipolisema alijiona mdogo. Alikuwa akijikinga kwa mgongo wa mzee wa watu. Sheria aliyokuwa akiitetea kwa jina la Nyundo ilimhusu yeye kwanza, na neno moja lingeyamaliza yote, lakini neno hilo halikutoka.

Mkurugenzi akamwambia barua ataandika mwenyewe. Yeye kazi yake itakuwa kutia sahihi, kwa sababu taratibu za kiwanda zilitaka sahihi ya Afisa Utumishi kwenye barua ya aina hiyo. Taratibu hizo aliziandika Mkurugenzi miaka iliyopita, alipokuwa akitaka kiwanda kionekane cha kisasa.

Jioni mama yake akapiga simu.

"Mjomba wako anasema unamfundisha sheria."

"Ameuliza, nimemjibu."

"Mwanangu, yule ndiye aliyekushika mkono. Usimwaibishe mbele ya watu wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Afisa akasema ndiyo mama, nimesikia mama. Methali ni nzuri, ila haisemi guu la nani huvunjika mkuu mwenyewe asiposikia. Hilo hakulisema. Wala hakumwambia mama yake kwamba aliyeleta wakaguzi alikuwa binti yake. Alilala na siri yake, na alfajiri akaamka nayo, imekua kidogo.

Jumatano alikwenda kumwona Nyundo. Mlango wa chumba cha kupimia ulikuwa na karatasi ya Mamlaka, kwa hiyo mzee alikuwa amekaa nje kwenye kivuli cha ukuta, vyuma vyake vya namba amevipanga juu ya kitambaa, kimoja kimoja, anavifuta mafuta. Hapakuwa na kazi nyingine ya kumpa. Afisa akageuza ndoo, akaikalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeniletea barua?"

"Bado."

"Inakuja lakini." Alifuta namba saba, akaitazama, akaiweka chini. "Wenzangu wameanza kula mbali na mimi. Si kwa ubaya, wanaogopa tu. Mke wangu naye hanielewi. Nimemwapia kwamba sikwenda huko, ananiambia basi kwa nini wewe? Kijana wetu wa mwisho ana miaka miwili ya chuo. Mimi nina hamsini na sita. Nani ataniajiri nimgongee namba?"

"Sheria inakulinda, Mzee. Ulimwambia Mkurugenzi, na kumwambia mwajiri tu kunatosha. Hata ungekuwa wewe uliyekwenda—"

"Sikwenda," akamkatiza taratibu. "Nilitaka. Niliogopa. Aliyekwenda ana moyo kuliko mimi, Mungu amzidishie. Ila angejitokeza basi. Maana amewasha moto, na ninayeungua ni mimi."

Afisa alikaa pale karibu nusu saa. Alijua kabisa nini cha kusema, na kwa mpangilio gani. Alisema habari za hali ya hewa. Kisha akaondoka, na njia nzima hadi ofisini alijichukia kwa dhati.

Alhamisi saa tano Afisa na Nyundo waliitwa ofisini kwa Mkurugenzi. Alikuwapo na wakili wa kiwanda, mtu mwembamba mwenye sauti ya pole, ambaye alikuwa amekwisha kuisoma barua mara mbili na kuirudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Ushauri wangu, isitoke," alisema.

"Sikukuita unishauri. Nimekuita uitazame lugha."

"Lugha ni safi. Inachosema ndicho kibaya."

Nyundo aliingia kofia mkononi. Akaonyeshwa kiti, akasema atasimama. Mkurugenzi akamsomea: kwa utovu wa nidhamu na kuvunja uaminifu, kuanzia leo. Alipomaliza akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana ana huruma, kama Nyundo ana la kusema.

"Sikuwaambia mimi," alisema Nyundo. "Ningewaambia ningesema. Nilikuja nikakwambia wewe usoni, ningewaogopa wao?"

"Njia ya mwongo fupi, Nyundo."

"Ndiyo, bosi. Nimegonga uongo miezi miwili, naujua urefu wake."

Wakili alikohoa. Mkurugenzi akaisukuma barua upande wa pili wa meza, akaweka na kalamu juu yake. "Afisa. Sahihi."

Afisa aliitazama nafasi aliyoachiwa, mstari mtupu juu ya cheo chake. Alijua jina lake liko salama kwenye faili la ghorofa ya pili. Alijua pia kwamba angeweza kukataa kusaini, akatoa sababu za kisheria, wakili angemuunga mkono, na pengine barua ingekwama. Pengine. Kisha Mkurugenzi angengoja miezi sita, angetafuta kingine, na miezi yote hiyo mzee angekula peke yake kwenye kivuli cha ukuta. Alikata shauri.

"Ni mimi," alisema.

"Najua ni wewe. Tia sahihi."

"Niliyewaambia wakaguzi ni mimi."

Mkurugenzi alicheka kidogo, akamtazama wakili, akaona wakili hacheki.

"Unamkingia huyu mzee."

"Nilikwenda Ijumaa, juma la juzi. Nilikuomba ruhusa nusu siku, nikakwambia naenda kwa daktari wa meno. Hapo ndipo nilipokudanganya, na kwa hilo niadhibu. Kwa mengine, hapana."

Alifungua faili alilokuja nalo, akatoa ile barua yake fupi, akampa wakili. Wakili aliisoma polepole. Alipofika pembeni akainua uso.

"Mkurugenzi, mwandiko huu wa buluu ni wa nani?"

"Wangu."

"Umeandika, 'Tuongee Jumapili.'"

"Ndiyo."

"Na Jumapili mliongea?"

"Jumapili tulikula," alisema Afisa.

Wakili aliiweka ile barua juu ya ile nyingine, akazilinganisha tarehe. Akaeleza, kwa ile sauti yake ya pole, kwamba kesi imebadilika. Mwajiri aliarifiwa kwa mdomo na mfanyakazi mmoja, na kwa maandishi na mwingine, akapokea, akaandika kwa mkono wake, akakaa kimya. Akimwachisha kazi yeyote kati ya hawa wawili, yeye wakili hana la kumtetea, na hatakuwa upande huu wa meza siku hiyo. Alichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza kilikuwa kidogo: kusimamisha kazi, kuandika kwamba amesikia, na kuwajibu.

"Kidogo hicho tu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hicho tu. Watu wengi huenda nje kwa sababu ndani hawakujibiwa."

Mkurugenzi alichukua barua ya Nyundo, akaikunja mara mbili, akaitia droo. Akamwambia mzee arudi kazini. Nyundo akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka, si kwa Mkurugenzi, kwa Afisa.

"Jana ulikaa kwenye ndoo yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Nikakueleza yote yale, hata ya mke wangu."

"Ndiyo. Nilishindwa. Nisamehe."

Nyundo alitikisa kichwa kwamba amesikia. Kwamba amesamehe hakusema. Alifunga mlango bila kuubamiza.

Wakabaki watatu. Mkurugenzi alivua miwani akajifuta uso kwa kiganja, na alipoondoa mkono alikuwa amezeeka. Kwa mara ya kwanza ndani ya jengo lile alizungumza kama anavyozungumza kwake.

"Mpwa wangu. Mimi nimekukosea nini?"

"Hukunikosea, Mjomba."

"Nimekulea. Nimekuweka hapa nikasema, huyu ndiye atakayenishikia kiwanda. Unaenda kwa watu baki kunishtaki?"

Machozi yalimlenga Afisa. Alimpenda mjomba wake. Hilo si jambo la kuzunguka, alimpenda sana, na ndiyo maana alipoteza majuma matatu kati ya meza zake mbili. "Kila siku malori yanatoka," alisema. "Nilikuwa nikiyaona kutoka dirishani kwangu. Silali. Nilikuwa nikisubiri kusikia jiko la nani limelipuka."

Hapo uso wa mjomba ukalainika. Alidhani amepata mzizi wa jambo, na kwamba ulikuwa mdogo, wa kung'olewa kwa neno moja la upole. Aliinama mbele, akamshika mkono. Kila mwezi dereva wa kiwanda humpelekea dada yake mtungi mmoja, zawadi ya kaka, na ukoo mzima unaijua zawadi hiyo.

"Ulikuwa unamwogopea mama yako," alisema. "Ungeniuliza tu! Mtungi wa mama yako nauchagua mwenyewe, kwa mikono yangu. Ule alionao una namba za mwezi wa pili, kabla pampu haijafa. Nilipekua safu nzima mpaka nikaupata. Dada yangu nitampelekea kitu kisichopimwa? Mimi?"

Aliyasema kwa mapenzi matupu, na akangoja ashukuriwe.

Wakili aliacha kuandika. Afisa alitazama mkono wake ulioshikwa, kisha akautoa polepole, kidole baada ya kidole.

"Na wengine, Mjomba," aliuliza, "aliwachagulia nani?"

Mkurugenzi akamtazama mpwa wake, akamtazama wakili, akatazama dirisha ambalo nje yake lori lilikuwa limesimama tupu tangu Jumanne.

Mwishowe wakili akafungua ukurasa mpya wa daftari lake, akaandika tarehe juu.

"Tuanzie mwezi wa tatu," alisema. "Nitajie duka moja moja."